Mwambieni Mtu Kabla Upepo Haujafika

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili 2024, jioni, nilikuwa nimeketi kwenye sakafu ya bafu la nyumba yangu ya kupanga mjini Des Moines, katika jimbo la Iowa, pamoja na wanangu wawili, godoro moja na kofia mbili za baiskeli. Mdogo wao alikuwa amevaa viatu bila soksi, akanikumbusha kwa sauti ya mtu mzima kwamba hata mimi nilipaswa kuvaa vyangu, kwa sababu mwalimu wake aliwafundisha kuwa upepo ukishapita utakanyaga vioo na misumari. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimechungulia dirishani nikaiona mbingu imegeuka rangi ya kijani kibichi kilichofifia, kama maji ya kisima cha zamani, rangi ambayo katika miaka yote niliyoishi Kilwa sikuwahi kuiona ikiwa juu ya kichwa changu.

Kabla sijafunga mlango wa bafu, ving'ora vya mji vikiwa vinalia, mlango wa mbele uligongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani yangu, mama aliyetoka Uvira, nchini Kongo, ambaye hapa nitamwita Mama Neema. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote za ukimbizi. Aliniuliza, «Mama Salma, hii kelele ni ya nini? Ni vita?» Alikuwa amevaa koti na anateremka ngazi kwenda nje, kwenye maegesho ya magari, kwa kuwa maisha yalikwisha kumfundisha kwamba kukisikika mlio wa namna ile unachukua watoto na karatasi, unatoka ndani ya nyumba, unakimbilia mahali pa wazi. Mafunzo yaliyomwokoa kwao yalikuwa yanampeleka kwenye kifo hapa. Nilimvuta ndani kwa mkono, tukajibana watu watano katika bafu ambalo mtu mmoja hujipinda ili afunge mlango wake.

Siku hiyo hali ilikuwa mbaya kuanzia nyanda za kati hadi majimbo ya kati magharibi. Mchana, kaskazini mashariki ya mji wa Lincoln, Nebraska, kiwanda kimoja kiliporomoka kikiwa na wafanyakazi wapatao 70 ndani, na kwa rehema za Mungu waliojeruhiwa walikuwa watatu tu. Baada ya hapo tornado, yaani upepo mkali unaozunguka ukishuka kutoka wingu hadi ardhini, tena kubwa ya daraja la nne, katika kipimo chenye madaraja kuanzia sifuri hadi tano, ilipita Elkhorn, pembezoni mwa Omaha, ikabomoa mitaa mizima ya nyumba, na hakuna hata mtu mmoja aliyefariki pale. Nyingine ilipiga uwanja wa ndege wa Omaha. Nyingine ilivuruga kijiji cha Minden, upande wetu wa Iowa, na huko mtu mmoja alipoteza maisha. Jioni ileile tornado nyingine iligusa Pleasant Hill, kitongoji kilicho mashariki ya Des Moines, kwa gari si mbali na tulipokuwa tumejibana. Kesho yake Oklahoma ilipigwa, na mji wa Sulphur ukaharibiwa katikati yake.

Ndugu zangu walionipigia simu walisema, «Tumesikia kimbunga kimepita kwenu.» Sikuwasahihisha, lakini neno hilo limenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu tunalitumia kwa vitu viwili visivyofanana. Kimbunga tunachokijua sisi watu wa pwani huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kina upana wa mamia ya kilomita, hutembea kwa siku nyingi, na hupewa jina kama mtoto. Tornado haina jina. Huzaliwa juu ya nchi kavu, pale hewa ya joto yenye unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Mexico inapokutana na hewa kavu ya kusini magharibi, huku upepo wa juu ukivuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini, hadi wingu zima linaanza kuzunguka. Mara nyingi upana wake ni mita mia chache tu, na uhai wake ni dakika. Kwa ukubwa wake inafanana zaidi na kile kisulisuli cha vumbi ambacho bibi yangu alituambia tusikipite kwa sababu kina kinyamkela ndani yake, ila hiki cha hapa hubeba malori. Kwa kimbunga cha bahari unaweza kuambiwa Jumatano ukajiandaa hadi Jumamosi. Kwa tornado, kati ya onyo na pigo mara nyingi hupita dakika kumi hivi, na wakati mwingine hata hizo hazipatikani.

Kwa hiyo kinachomwokoa mtu hapa ni maneno yanayomfikia kwa wakati, pamoja na ukuta alio nao nyuma yake. Nasema hivyo nikijua kwamba hata Wamarekani hawakuwa hivi tangu zamani. Tarehe 18 Machi 1925 tornado moja ilipita Missouri, Illinois na Indiana, ikaua watu 695, idadi ambayo hakuna tornado nyingine ya nchi hii iliyoifikia. Wakati huo idara ya hali ya hewa ilikuwa haiwaruhusu watabiri wake kuliandika neno «tornado» katika utabiri, kwa hoja kwamba neno hilo litawatia watu hofu. Mwaka 1948, katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma, tornado iliharibu ndege nyingi tarehe 20 Machi, na siku tano baadaye maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, walipoiona hali ileile kwenye ramani zao, walithubutu kutamka kwamba tornado inaweza kurudi. Ilirudi jioni ileile, lakini safari hii ndege zilikuwa zimekwisha kufichwa na watu wamekwisha kujikinga. Mengi ninayofaidi leo na wanangu yametokana na uamuzi wa watu wa aina hiyo wa kutaja kitu kwa jina lake, na fedha za kujengea rada za hali ya hewa, rada zipatazo 160, zikafuata baadaye.

Nyumbani neno tunalolipenda ni «taharuki». Kila jambo zito linapokaribia, kiongozi husimama mbele ya kipaza sauti akawaomba wananchi wasizue taharuki, kana kwamba adui ni hofu na si maji yanayokuja. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliangusha nyumba za udongo juu ya watu waliokuwa wamekimbilia ndani yake, na wapatao 40 wakafariki. Walifanya kile ambacho kila mmoja wetu angekifanya: mvua ikinyesha unaingia ndani. Hakuna aliyewaambia kwamba wingu lile halikuwa kama mawingu mengine, wala kwamba ukuta wa udongo uliolowa hauwezi kumhifadhi mtu. Nami niliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo nasema kweli, nisingejua pia.

Wiki ileile niliyokaa bafuni niliona tena jambo hilohilo kwa jirani zetu wa Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, siku tatu baada ya tornado zetu, maji yaliyozibwa na takataka katika njia ya maji chini ya reli, juu ya Mai Mahiu, yalivunja kizuizi na kuteremka juu ya watu waliolala, wakafa makumi. Utabiri wa mvua kubwa ulikuwa umetangazwa kwa wiki kadhaa, tena kwa usahihi. Lakini «mvua kubwa inatarajiwa katika maeneo ya nyanda za juu» si onyo kwa mama aliyelala chini ya tuta la reli. Onyo ni lile linalomwambia yeye, usiku ule, atoke katika nyumba ile. Hapa Iowa simu yangu ilipolia kwa ule mlio wa kukwaruza masikio, haikulia kwa sababu ya jimbo zima. Ililia kwa sababu nilikuwa ndani ya mipaka iliyochorwa na mtabiri aliyekuwa akiliangalia wingu letu dakika ileile.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba nimehamia peponi, kwa maana onyo hilohilo lilimpita Mama Neema kama upepo. Maonyo ya dharura ya simu hapa huja kwa Kiingereza, na kwa Kihispania kwa wenye simu zilizowekwa lugha hiyo. Iowa ina maelfu ya watu wanaoamka na kulala kwa Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Kenya na kwetu, wengi wao wakifanya kazi za zamu katika viwanda vya nyama na maghala, na king'ora kwao ni sauti tu. Isitoshe, jengo letu halina chumba cha chini ya ardhi. Mahali palipo salama zaidi ni chumba cha kufulia cha ghorofa ya chini, kisicho na dirisha, na jioni ile msimamizi wa jengo alikuwa amekifunga kwa kufuli kwa sababu watu wa nje walikuwa wanafulia bila kulipa. Nilimwandikia barua mara mbili baada ya siku hiyo. Ufunguo sasa unaning'inia ndani ya kisanduku cha kioo karibu na mlango, lakini ilibidi nimweleze mtu mzima, kwa maandishi, kwamba maisha ya watoto yana thamani kuliko sabuni.

Tena upepo wa hapa haumpigi kila mtu sawa. Sehemu kubwa ya wanaokufa kwa tornado Marekani hukutwa katika zile nyumba za kuhamishika zinazotengenezwa viwandani na kuwekwa juu ya ardhi bila msingi wa maana, ambazo ndizo nyumba za watu wa kipato kidogo. Ukiziweka kando ya nyumba za Mwakata utaona ni hadithi moja: aliye na zege na shimo la kujificha hutoka akiwa na mikwaruzo, na asiye navyo hufukuliwa. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali wa mstari, yaani unaovuma moja kwa moja bila kuzunguka, ambao haukuwa tornado lakini uliharibu kama tornado, ulipita Cedar Rapids, saa mbili kwa gari kutoka hapa, na baada yake familia za wakimbizi, zikiwamo za wanaozungumza Kiswahili, zililala siku kadhaa kwenye mahema mbele ya majengo yao yaliyobomoka, zikipikiana nje kama kambini. Msaada rasmi ulichelewa kuwaona. Waliowaona kwanza walikuwa watu wa makanisa na jirani waliokuja na maji na mchele.

Hata anayeielewa lugha anaweza kulichoka onyo. Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011, ving'ora vililia kwa muda wa kutosha kabla ya pigo, na bado zaidi ya watu 150 walifariki. Uchunguzi wa serikali uliofuata ulionyesha kuwa wengi walikuwa wamezoea kusikia king'ora bila kuona lolote, wakasubiri ishara ya pili. Nimewaona majirani zangu wazungu wakitoka barazani na kikombe cha kahawa kutazama wingu. Sijawahi kuuelewa ujasiri huo, na siutaki.

Tangu siku ile tumeanzisha utaratibu mdogo katika kundi letu la WhatsApp. Siku yenye hatari, mmoja wetu asiye zamu hurekodi ujumbe wa sauti asubuhi, kwa Kiswahili cha kueleweka na mtu wa Bukavu na wa Tanga, akieleza saa ambazo hali inatarajiwa kuwa mbaya. Na onyo likitoka hurekodi wa pili, wa sekunde kumi: ingieni ndani, shukeni chini, mbali na madirisha, msitoke kwenda kwenye magari. Mama Neema huwapigia wazee wasiojua kufungua ujumbe. Naamini kazi hii ingepaswa kufanywa na serikali ya mahali inayopokea kodi zetu, na nitaendelea kuidai, lakini tornado haingojei kikao.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei nilikuwa kwenye simu na mama yangu Kilwa. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia, na safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekitaja kwa jina kabla hakijafika, boti za Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakavuta ngalawa zao juu. Nilimwamkia, akaniitikia, akanieleza kuwa amehamia kwa mjomba, kwenye nyumba ya matofali, kwa sababu baada ya laasiri ilitangazwa msikitini kwamba walio karibu na ufukwe wapande juu. Bibi yake alikuwa akimsimulia juu ya kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952, na kwamba mwaka ule hakuna aliyetangaza chochote.

Kwake ilikuwa saa mbili za usiku. Kwangu ilikuwa saa sita kamili mchana ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa ambayo wilaya yetu hujaribu ving'ora vyake. Vikaanza kulia mji mzima.

«Hiyo nini tena, mwanangu? Kimefika na huko?»

«Hapana, mama. Wanajaribu tu.»

«Haya. Nyamaza kidogo basi, nisikie,» akasema, «maana na huku wanatangaza tena.»