Gauni la Dadangu Limegoma Kurudi

Nina miaka tisa Leeds, Uingereza, na tabia mbaya niliyoiokota huku ni kuagiza mtandaoni gauni moja kwa saizi mbili. Najaribu yote mawili chumbani. Lisilonikaa nalikunja, nabandika lebo iliyokuja nalo, naliacha kwenye duka la kona linalopokea vifurushi nikienda kununua maziwa. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 zinampa aliyenunua mtandaoni siku 14 baada ya kupokea kubadili nia bila kueleza sababu, kisha siku 14 nyingine za kurudisha mzigo. Chumba cha kujaribia nguo ni kitanda changu.

Kwa ujuaji huo nikamshauri dadangu, yuko Kilimani, Nairobi, aagize gauni la harusi kutoka duka ninalolizoea. Balaa likaanza na anwani. Fomu inataka nambari ya nyumba. Yeye ana sanduku la posta na "geti jeusi mkabala na kituo cha petroli". Mtu wa pikipiki alipiga simu mara nne. Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 akalipa kwa M-Pesa kabla hata ya kulifungua. Kulivaa, zipu ikagoma mbavuni.

Duka lilijibu kwa adabu tele: rudisha tu, nauli juu yako. Kampuni ya vifurushi ikataka shilingi 6,800, na gauni lenyewe lilikuwa 7,500. Nikamwambia atafute msafiri. Wakati msafiri anatafutwa, siku zikaisha. Ushuru aliolipa hakuthubutu hata kuuulizia.

"Wewe na Leeds yako!" akaniambia.

Wenzangu huku hupenda kusema Nairobi hakuna huduma. Ni kweli, risiti zetu zinatangaza kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na hilo huniudhi sana. Lakini pale soko la Toi unalivaa gauni la mtumba juu ya nguo zako, unajigeuza mbele ya kioo chenye ufa, mwenye mali anakusifu kwa uongo, mnavutana bei, ndipo unatoa pesa. Kujaribu kunatangulia malipo. Huku Leeds kunakuja baada yake, na kunawezekana kwa sababu sheria, posta na duka la kona vinashikana mikono. Dadangu nilimnyima vyote viwili: hakujaribu, na hakuwa na pa kurudisha.

Fundi wake amefumua mbavu na kutia vipande vya kitenge, shilingi 600. Nimezituma mimi.