Tairi Zilikuwa Baridi

Mtoto wa dada yangu akiumwa na kichwa hajui hata amemeza dawa gani, ila muulize gari lake linakunywa oili ya aina gani, keti chini, chai ipoe. Ni Subaru. Ananieleza kwamba pistoni za injini yake hazikusimama wima, zimelala ubavu, za kulia na za kushoto zinatupiana ngumi, na ndiyo maana likinguruma linatoa ule mdundo. Mdundo wenyewe ameukuza kwa ekzosi pana ambayo paka wetu akitaka analala ndani. Springi amezikata ili gari lishuke karibu na ardhi, na sasa tuta la mbele ya msikiti analipanda kimshazari, taratibu, kwa adabu zote, kashusha kioo anachungulia asije akakwaruza bampa. Nikimkuta hapo humwambia: mwanangu, kumbe kwenda polepole unajua!

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Barabara tunagawana na bodaboda, mikokoteni, watalii wanaovuka huku wakitazama upande ambao gari halitoki, punda wenye mizigo ya maji na punda wasio na mzigo, ambao ndio wabaya zaidi kwa sababu hawana miadi na mtu. Sheria ya trafiki inasema ukiwa mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Matatu walifungwa vidhibiti mwendo tangu enzi za Waziri wa Uchukuzi Michuki mwaka 2004, mwisho wao 80. Kidhibiti mwendo cha mpwa wangu ni mama yake, na mama yake hapandi lile gari. Viti viko chini mno, akishaingia hatoki mpaka avutwe na watu wawili.

Kioo cha nyuma kaandika kwa herufi kubwa: MOLA NILINDE. Dua nzuri, sikatai. Lakini ukilitazama lile gari linavyopita sokoni utaona mgawanyo wa kazi. Breki kamkabidhi Mola, mguu wa mafuta kabaki nao mwenyewe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Lamu, mji wa vichochoro, kule mwenye haraka sana ni punda aliyeona majani. Alikuja kutuzuru, usiku mmoja akasikia lile gari linapasua mtaa, akaketi kitandani.

"Anakimbizwa na nani?"

"Hakimbizwi na mtu, mama."

"Basi anamkimbiza nani?"

"Hakuna."

Akarudi kulala. Asubuhi akaniuliza kama kijana ameshasomewa.

Sasa, wako wengi. Wana kundi, wana fulana, wana mwenyekiti. Ijumaa baada ya isha hukutana kando ya bahari, boneti zote wazi, kila mtu kainamia injini ya mwenzake huku akitikisa kichwa na kusema "mashallah". Na msidhani ni kundi lisilo na nidhamu. Mwaka jana walimfukuza mwanachama. Mnajua kwa kosa gani? Alifunga rimu bandia. Rimu zilikuwa na nembo ya kampuni ambayo haikuzitengeneza, mtu mmoja akazigundua kwa tochi ya simu, kikao kikaitishwa usiku huohuo, kijana akavuliwa fulana pale pale. Aibu tupu. Mwenzake aliyepita mbele ya madrasa kwa mwendo wa kutikisa madirisha, wakati watoto wanatoka na majuzuu yao mikononi, yeye alipigiwa makofi. Huyo ana rimu halali.

Mkasa wenyewe ulitokea barabara ya Lamu, hapa hapa mjini, magharibi imeingia. Pale hukaa mzee wa madafu na mkokoteni wake. Mpwa wangu alikuwa anawaonyesha wenzake namna gari linavyochomoka. Likachomoka kweli. Lilikwenda likaubamiza mkokoteni ubavu wa kushoto, na madafu yakatawanyika barabarani, moja likabiringika hadi mlangoni kwa fundi cherehani, jingine likajikita kwenye grili ya gari, katikati kabisa, pale panapokaa nembo. Watoto walifika kabla ya polisi na kabla ya huruma. Kufumba na kufumbua barabara ilikuwa safi, kila mtoto na dafu lake. Mzee hakuumia, alhamdulillahi. Alikuwa amevuka kwenda kurudisha chenji ya mtu. Champali moja tu ndiyo haijaonekana mpaka leo.

Nilifika na tuktuk nikamkuta mpwa wangu kashika kichwa. Nikadhani anajutia. Kumbe anatazama bampa.

"Ilikuwaje?"

"Mjomba, kulikuwa na mchanga barabarani."

Mchanga! Malindi! Ulitaka tuweke nini, theluji? Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498, mchanga akaukuta, na hatujasikia kama aligonga mtu wa madafu.

Akaona hilo halijakaa. Akasema tairi zilikuwa baridi. Ati tairi za mbio zina mpira wake, zisipopata joto hazishiki lami. Huenda ni kweli huko zinakotengenezwa. Lakini mji huu, ambao mtu akiacha siagi mezani anairudia kwa kijiko cha supu, hizo tairi ubaridi zimeutoa wapi? Akahamia kwa mzee: mkokoteni haukuwa na taa. Akahamia kwa madafu yenyewe: ni ya kijani, giza likiingia hayaonekani vizuri. Wallahi alisema hivyo, na mzee mwenyewe kasimama pale na champali moja, akajibu taratibu, "Mwanangu, mimi nilisimama. Mkokoteni umesimama. Madafu yamelala. Sasa katika sisi wote, nani alikuwa anakwenda?"

Kimya.

Nikamuuliza alikuwa anakwenda ngapi. "Kama 80 hivi Mjomba, si nyingi." Si nyingi! Kwa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, na binadamu akiona kitu huchukua kama sekunde nzima kabla mguu haujaamua kuhama. Yaani ulipokuwa bado unashangaa, ulishaupita mlango wa duka, wa kinyozi, na kibanda cha mahamri. Hapo breki bado hujazigusa. Na ukizigusa, mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka mara nne. Haya ni mambo anayoyajua. Anajua uzito wa gari lake kwa kilo. Anajua nguvu zake za farasi mmoja mmoja, sijui kama hajawapa majina. Anachoshindwa kuhesabu ni mguu mmoja tu, wa kulia, ambao amezaliwa nao.

Akaona bora apandishe mjadala. "Mjomba, hii ni nchi ya rali." Hapo kidogo nitabasamu, maana mimi rali naipenda. Safari Rally ilianza mwaka 1953, wazee wetu wakiifuata redioni. Shekhar Mehta aliishinda mara tano, 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Na mwaka 2021 ikarudi kwenye mashindano ya dunia, pale Naivasha. Lakini Mehta pembeni yake alikuwa na mtu anamsomea kona inayokuja kabla haijafika. Wewe pembeni ulikuwa na nani? Alikuwa na binamu yake, kashika simu, anachukua video na kusema "kanyaga, kanyaga." Video nimeionyeshwa. Imetoka goti la binamu, mwanzo mpaka mwisho, na sauti ya madafu.

Kusema kweli na wao wana lao juu yetu. Hunijibu kwamba watu wa tuktuk tunakata kona popote na kusimama popote. Wapo wenzangu wa namna hiyo, siwatetei. Ila wakikosea huanguka wao kwanza.

Nikaalikwa kwenye kikao cha kundi, kwa kuwa ni mjomba mtu. Ajenda ilikuwa imeandikwa vizuri. Ya kwanza, bampa la mwenzetu. Ya pili, rangi ya bampa la mwenzetu. Ya tatu, fulana mpya. Nikauliza mzee wa madafu yuko namba ngapi. Mwenyekiti akatazama karatasi, akageuza nyuma, akasema, "Yuko kwenye mengineyo, mzee wetu."

Wakaanza. Mmoja akasema taa za barabarani ni chache. Mwingine akasema gari la mwenzetu siku nyingi huvuta kushoto, na fundi aliambiwa. Mwingine akasema serikali ingetujengea uwanja wa mbio, na hilo nakubali, ijengwe hata kesho, lakini mpaka ijengwe tusifanye soko kuwa uwanja. Nikasimama nikauliza swali dogo: usukani alishika nani? Wakatazamana. Mwenyekiti, kijana mpole kweli, akanieleza kwamba kundi haliwezi kubeba lawama za mtu mmoja mmoja, kila mtu na mguu wake. Nikamwambia sawa baba, miguu mbalimbali, mbona fulana ni moja? Alipowapita watu wa Kilifi mlisema "tumewapita". Leo kagonga, imekuwa "amegonga". Na sheria ikisema anayeua mtu kwa uendeshaji wa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10, kule ndani haendi fundi wala tairi. Nyote mlijua kijana huyu anaendeshaje. Mlisimama kando ya njia mkihesabu sekunde. Aliyeona rimu bandia kwa tochi usiku, hili hakuliona mchana?

Wakasema "naam, naam," wakaenda ajenda ya fulana.

Zamani, kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, ukitoka Mombasa ukikimbia usikimbie, mlikutana ferini. Mwenye gari la kifahari na mwenye lori la nazi, wote kwenye foleni, mwenye haraka akinunua korosho. Daraja ni neema, silikufuru. Nasema tu kwamba wale wangepata dawa yao.

Siku ya pili nikaletewa orodha ya mchango kwa simu. Bampa. Jina la kwanza: Mjomba, 5,000. Sikujibu. Nikampelekea dada yangu simu aisome mwenyewe. Dada yangu hana maneno mengi. Alinyoosha mkono, funguo ikawekwa kiganjani, akaifunga kwenye ncha ya leso, kisha akampigia mzee wa madafu na kuuliza mkokoteni unatoka saa ngapi asubuhi.

Kwa hiyo kijana sasa anausukuma, hadi deni la madafu na la fundi seremala liishe. Wenzake wakipita humpigia honi, mmoja kaomba kupiga picha. Juzi nikawakuta njiani, wamesimama, mkokoteni gurudumu moja liko mtaroni na madafu mawili yameshapata watoto wao. Mpwa wangu anafuta jasho, anamweleza mzee kwamba kosa si lake, huu mkokoteni una kasoro, unavuta kushoto.

Mzee akautazama mkokoteni, akamtazama na yeye.

"Unavuta kushoto," akasema, "kwa sababu kushoto ndiko ulikougonga."