Sala Kumi na Tano kwa Bi Mkubwa wa Bajia

Nafundisha vijana wa kipaimara katika kanisa moja mjini Unguja. Ni 14, kila Jumamosi saa kumi jioni. Wakiwa wao kwa wao wanapiga soga mpaka baraza inatikisika, lakini mwambie mmoja afungue kipindi kwa sala: hapo hapo anageuka mzee wa miaka 70 mwenye pumu. "Ewe Mungu wa miungu, Muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana..." Siku moja nilihesabu. Kwa dakika mbili kijana alisema "Bwana" mara 23. Nilipomuuliza alikuwa anaomba nini, akaniambia na yeye alikuwa anangoja asikie.

Mathayo 6 inasema msipayuke-payuke, na neno hilo walilifurahia sana, wakalifanya jina la utani la mwenzao. Lakini kupayuka kuna afadhali. Kubaya ni kumsema mtu kwa mgongo wa sala: "Umkumbuke dada yetu, unamjua wewe, aliyekuwa Forodhani Ijumaa usiku." Macho yote yanafunguka.

Kinachowaharibu ni hofu ya kukosea. Kwa hiyo nikawapeleka Mkunazini, nikawaonyesha zile nguzo za Kanisa Kuu ambazo mafundi walizisimika juu chini, Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa hayupo. Tangu karne ya 19 zimesimama hivyo hivyo, na watu wanasali. Kisha nikawapa zoezi.

Nusu karatasi ya daftari, dakika 10, jina usiandike. Kumwita: "Baba", yatosha. Halafu kitu chenyewe, kwa jina lake na kiasi chake. Si "unisaidie katika masomo", bali "hesabu za sehemu sizielewi na naona haya kumuuliza mwalimu". Halafu lile utakalofanya wewe kesho. Amina. Petro alipoanza kuzama alisema, "Bwana, niokoe." Angetanguliza sifa za Muumba, angezimalizia chini ya maji. Na Baba Yetu yenyewe, hesabuni, haifiki maneno 60.

Nikasisitiza penseli, ili aliyeandika uongo aweze kuufuta.

Nami nikaandika: "Baba, nadaiwa 6,000 na Bi Mkubwa wa bajia. Hii wiki ya tatu napita uchochoro wa nyuma. Kesho nitamlipa. Amina."

Niliwaahidi kwamba karatasi zote zitachomwa bila kusomwa, na ahadi hiyo ndiyo roho ya zoezi. Kuchoma nako kuna namna yake: kopo la maziwa lililotobolewa chini, karatasi moja moja. Ukizirundika hewa haipiti, zinaungua kingo tu na dhambi zinabaki katikati zinasomeka vizuri. Lakini ilikuwa masika, kiberiti kimenyonya unyevu. Nilipiga njiti tisa, vichwa vikamomonyoka vyote. Nikazitia karatasi kwenye boksi la barazani, nikasema kesho.

Boksi lile ndilo tunalomwekea Bi Mkubwa karatasi kuukuu za kufungia.

Jumapili baada ya magharibi, umeme umekatika, kijana wangu wa sauti ya besi akanipigia simu. "Mwalimu, shikamoo. Nimenunua bajia, na karatasi yake haielewi hesabu za sehemu."

Nilikimbia kwa njia ya mbele, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Nikamweleza huku nikihema. Akaniinulia kandili usoni. "Mie jina la Mungu silifungii bajia, kila karatasi naitazama kwanza. Hizi nimeona 'Baba, Baba', nikasema watoto wamewaandikia baba zao barua. Mngeandika Mungu, ningeziweka kando zote."

Sikuwa na la kujibu, maana somo lilikuwa langu. Na penseli pia ilikuwa yangu: wino wa kalamu ukikutana na mafuta unavurugika, lakini penseli haijali, na karatasi ikishalowa inang'aa kama kioo, kila herufi imesimama.

Hesabu ikawa hivi. Nne hazijatumika, tano zimefunga mafungu yaliyobaki kwenye sinia, tano zimeshauzwa: moja kwa kijana wangu wa besi, nne Mungu ndiye ajuaye zimefika wapi. Jumla 14.

Ya 15 aliitoa kwenye pindo la kanga. "Mwandiko huu naujua, ndio unaotia sahihi kwenye daftari langu." Akavaa miwani. "Hapa umemwambia Mola wako 6,000." Akafungua daftari. "Mie ninazo 8,000. Zile 2,000 za siku ya mvua, bajia na chatne, ulikuwa unamficha nani?"

Nikasema nimesahau. Akaniangalia tu, kandili likiwa katikati yetu. Kisha akaomba penseli, akaifuta ile 6 kwa kidole chenye unga wa dengu, akaandika 8.

Yale mafungu matano ilibidi niyanunue, kila moja 1,000, na mfukoni nilikuwa na njiti tatu za kiberiti. Akaifuta na 8, akaandika 13.

Jumamosi niliwaambia vijana kila kitu, zile nne zilizopotea pamoja, wakaninunia mpaka bajia zilizopashwa moto zilipofika. Zile zilizookolewa tulizichoma kwa kiberiti cha Bi Mkubwa mwenyewe. Karatasi yenye mafuta inawaka vizuri mno, haihitaji hata kutenganishwa. Yangu haikuwamo. Ameibandika kwenye jalada la daftari lake, na amesema ataitoa nikimaliza kulipa.