Vilima Tunavyo, Njia Ndizo Zinazotuponyoka

Kilele cha vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Huku kusini mwa Uingereza ninakoishi, kilima cha Butser, ambacho wenyeji wanakiona kirefu, hakifiki hata mita 300. Kwa hivyo ninapowasikia jamaa zangu wa Nairobi wakisema kwamba safari ya siku kadhaa kwa baiskeli ya mlimani ni mambo ya Ulaya, kwamba huko ndiko kuna mandhari, nakataa kabisa. Mandhari tunayo, na ya kuwagawia wengine. Walichotushinda ni njia.

Kiangazi hiki nilipita kwa baiskeli njia iitwayo South Downs Way, kutoka Winchester hadi Eastbourne, kilomita 160 hivi za kupanda na kushuka. Ardhi yake ni chokaa nyeupe. Mvua ikinyesha inateleza kama sabuni, na vijiwe vyake vikali vinachana tairi. Ukifika Amberley unateremka hadi Mto Arun, unavuka, na hapo hapo mwinuko mwingine unakungoja na miguu imeshachoka. Lakini siku zote hizo sikumuuliza mtu njia. Penye njia panda pana kigingi chenye mshale: wa manjano ni wa waendao kwa miguu tu, wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Na sehemu kubwa niliyopita ni mashamba ya watu. Nilikatiza katikati ya ngano ya mtu nisiyemjua, nikafungua geti lake, nikalifunga nyuma yangu ili kondoo wasitoke, na hakuna aliyenifokea. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyowapa waendesha baiskeli ruhusa ya kutumia njia za farasi, kwa sharti kwamba wawapishe watembeao na wenye farasi. Shamba likiuzwa, mnunuzi analinunua pamoja na njia iliyomo, na hana ruhusa ya kuiziba.

Sasa njoo nyumbani. Mimi ni wa mji wa Kikuyu, mwendo mfupi tu kutoka jijini. Ni katika vijia vya kwetu ambako mwendesha baiskeli David Kinjah alimnoa Chris Froome, kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France mara nne. Nilipokuja likizo mara ya mwisho, kijia tulichokuwa tukipitia kuelekea kinamasi cha Ondiri kilikuwa kimekatizwa na ukuta wa mawe, juu yake vipande vya chupa vimepandwa kwenye saruji. Shamba limekatwa ploti, kila mwenye ploti amejenga hadi mwisho wa mpaka wake, na hati zao ni halali. Kijia hakikuwa kwenye ramani yoyote, kilikuwa katika miguu ya watu tu. Mama aliyekuwa akipita pale na mzigo wa nyasi za nepia mgongoni sasa anazunguka hadi barabara kuu, matatu zikimpita mbio, watoto wa shule wakimfuata kwa nyuma. Hilo linaniuma kuliko baiskeli yangu.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inazihesabu barabara na njia zilizowekwa kwa sheria kuwa ardhi ya umma. Shida ni kwamba vijia vyetu vingi havijawahi kuwekwa kwa sheria yoyote. Kaunti za Kiambu na Kajiado zinaweza kuwatuma wapimaji pamoja na wazee wa vijiji, wazitembee njia hizo na kuzisajili kabla ukuta mwingine haujapanda. Na kinachowezekana tumeshakiona katika msitu wa Karura, Nairobi. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu ule usigawiwe wajenzi. Leo unalipa getini, unaendesha baiskeli kwenye vijia vyenye alama, na njia panda zimepewa nambari.

Wala si kwamba huku kuna kila kitu. Spoki yangu ilikatika Jumapili jioni, karibu na kijiji ambacho hakikuwa na duka lililo wazi, na waliopita walinitikisia kichwa tu wakaenda zao. Limuru ingekuwa kazi ya muda mfupi: fundi chini ya mti, karai la maji la kutafutia pancha, kipande cha msasa, gundi, na spoki kuukuu zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa tyubu. Kabla hajamaliza umeshaletewa chai, na mtu ameshakuuliza unatoka wapi na kama wazee wako hawajambo.

Hebu mwone mtu anatoka Karura, anapita mashamba ya chai ya Tigoni, analala Limuru, anashuka kwenye Bonde la Ufa kupitia Kijabe hadi Mai Mahiu, kisha anafuata uwanda, mlima Longonot ukiwa kushoto kwake, na kumalizia Hell's Gate, mbuga ambayo tayari inaruhusu baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Leo atajikuta akibanwa na malori kwenye barabara ya mteremko iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijia vya wachungaji vipo, mafundi wapo, akina mama wa kumpikia na kumpa kitanda wapo. Wakazi wa Limuru na Lari watakapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ijayo ya kaunti, naomba asimame hata mmoja adai vigingi na ramani ya njia.