Betri ya bajaji na hesabu ya jioni

Dereva wa bajaji ya umeme pale Mwenge hana haja ya kujua kemia ya betri. Anachotaka kujua ni kama itamfikisha jioni akiwa na hesabu ya tajiri mkononi. Mimi napimia hapo hapo.

Betri za risasi na asidi zina watetezi. Ni rahisi kununua, na mafundi wa mtaani wamezizoea. Lakini bajaji inayokula uniti 7 za umeme kwa siku itabeba karibu kilo 200 za betri hizo, sawa na abiria watatu wanaopanda bure tangu alfajiri. Ukizimaliza chaji kila siku, huchoka baada ya mizunguko mia chache tu ya kuchaji na kutumia. Za lithiamu, chuma na fosfati hufanya kazi hiyo kwa kilo 60 hivi na kuvuka mizunguko 2,000. Tatizo, bei yake inadaiwa yote mwanzoni.

Wengine wanasema dawa ni kubadilishana: unaacha kituoni iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Kwa bodaboda nakubali. Betri yake inabebeka kwa mkono, tena kwenye joto la Februari betri iliyotoka barabarani inafaa ipoe kabla ya kuchajiwa. Kituo kinaweza kuisubiri. Dereva ana abiria. Ila betri si yako. Kampuni ikipandisha bei, au ikifunga, umebaki na pikipiki ya kusukuma, kwa kuwa betri ya kampuni nyingine haiingii kwenye chombo chako. Shirika la Viwango likilazimisha umbo moja na plagi moja, nusu ya hofu hiyo inaisha.

(Tunapenda kujisifia nikeli ya Kabanga. Betri ninayoitetea, ile ya lithiamu, chuma na fosfati, haina nikeli hata chembe, wala kobalti. Inataka kinywe, yaani grafiti, kile cha Mahenge na Ruangwa, kikiwa kimesafishwa hadi kupita asilimia 99.9. Kazi ni hapo kwenye kusafisha.)

Kwa bajaji ningeanza na betri ya dereva mwenyewe: ichajiwe usiku, iongezwe kidogo saa nane mchana kijiwe kinapopoa. Uniti 7 za LUKU nyumbani hazifiki shilingi 3,000. Kigumu ni mtaji. Mkopeshaji huuliza kadi ya chombo, na betri, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote ndani ya bajaji hiyo, haina kadi.