Umeme wa jirani tununue, ila mkataba tuusome

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba Serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Mitandaoni hapakukalika. Watu waliuliza inakuwaje nchi iliyotumia matrilioni ya shilingi kujenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ikapige hodi kwa jirani kutafuta umeme. Mimi naunga mkono ununuzi huo. Hata hivyo naamini kwamba waliokasirika walikuwa na hoja nzito ambayo haikujibiwa ipasavyo, nayo inahusu mkataba zaidi kuliko bwawa.

Umeme unaofuliwa Rufiji hupelekwa kwanza kwenye kituo cha kupoza umeme cha Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400, na kutoka hapo bado una safari ya mamia ya kilomita kufika Moshi na Arusha. Njiani sehemu yake hupotea kama joto kwenye nyaya, na mwisho wa njia ndefu nguvu yake hupungua, ndiyo maana mkazi wa pembezoni mwa gridi huona taa zikififia na friji ikinguruma bila kugandisha, ilhali kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku ameambiwa kwamba umeme upo wa kutosha na kubaki. Rais mwenyewe alitaja hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka inayotokana na upotevu huo. Wakati huohuo njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Isinya nchini Kenya hadi Singida, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, inapita Arusha. Kuchukua umeme unaoingilia Namanga na kuutumia papo hapo kaskazini, huku ule wa Rufiji ukihudumia Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, ni hesabu ya kawaida ya mfanyabiashara yeyote. Wala si jambo geni: kwa miaka mingi Bukoba imewashiwa taa na umeme wa Uganda, na Sumbawanga na ule wa Zambia, na sikumbuki kama kuna aliyesema kwamba uhuru wetu umeuzwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Rusumo. Wengi wanapakumbuka kwa daraja walilovuka wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994 kuingia Ngara, lakini maporomoko hayo ya mto Kagera yalikuwa na historia nyingine kabla ya hapo. Mwaka 1977 Burundi, Rwanda na Tanzania zilisaini palepale Rusumo mkataba wa kuanzisha Shirika la Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Kufua umeme wa maporomoko hayo lilikuwa miongoni mwa malengo yake makubwa. Vita, uhaba wa fedha na kutoaminiana vililidhoofisha shirika hilo hadi likavunjwa mwaka 2004 bila hata balbu moja kuwaka. Wazo likafufuliwa chini ya mpango wa nchi za Bonde la Mto Nile, Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, na leo mitambo ipo: megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa nchi tatu, kupitia kampuni ambayo kila serikali ina hisa sawa na mwenzake. Burundi haina ardhi kwenye maporomoko hayo, ila mto wake wa Ruvubu huungana na Kagera jirani tu na Rusumo, kwa hiyo maji yake yamo, na fungu lake la umeme limo. Ukubwa wa mradi uliwahi kupunguzwa ili maji yasifurike kwenye mashamba na makazi ya watu wengi. Huo ndio ushirikiano ambao mwananchi anaweza kuuelewa hata bila kuwa mhandisi, kwa sababu kanuni ya mgawanyo inajulikana na kila mtu anaweza kuitamka.

Biashara ya umeme wa Ethiopia haina urahisi huo. Kenya ilisaini mwaka 2022 mkataba wa miaka 25, wa megawati 200 katika miaka 3 ya mwanzo na 400 baada ya hapo, na bei ya senti 6.5 za Marekani kwa uniti ikatangazwa. Mkenya anaweza kuilaumu bei hiyo kwa kuwa anaijua. Kwa upande wetu linaongezeka swali la ushuru wa njia, yaani malipo kwa Kenya kwa kupitisha mzigo usio wake, na swali la nani anabeba hasara umeme ukikatika katikati.

Na hukatika. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024 njia inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilijitoa kwenye kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288, na mara njia ya Ethiopia nayo ikajitoa na megawati zake 200; sehemu kubwa ya Kenya ikabaki gizani. Gridi zilizounganishwa husaidiana wakati wa upungufu, lakini huambukizana pia hitilafu, na kwa hiyo makubaliano kuhusu akiba ya mitambo na mawasiliano kati ya vyumba vya udhibiti vya Addis Ababa, Nairobi na Dar es Salaam yana uzito uleule wa bei.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukame. Karibu umeme wote wa Ethiopia unatokana na maji. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya Ziwa Kariba yanayofua umeme wa Zambia, nchi hiyo, iliyozoea kuwauzia majirani, iliwapa raia wake mgao wa saa nyingi kwa siku na kuanza yenyewe kutafuta wa kununua kwake. Siku Ethiopia ikipatwa na hali hiyo, nani atakatiwa kwanza: kiwanda cha Addis Ababa au saluni ya Arusha? Jibu linapaswa kuwa kwenye kifungu fulani cha mkataba. Njia nyingine ya kilovolti 400 inajengwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ya kutuunganisha na Zambia na nchi za kusini, kwa hiyo mikataba ya aina hii itaongezeka. Ningeitaka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ichapishe, kwa Kiswahili na kabla ya kila mkataba kuanza kutumika, mambo manne tu: bei ya uniti mpakani, ushuru wa njia, fidia ya umeme usiofika, na utaratibu wa kupunguziana wakati wa ukame.