Kuzaliwa Kilifi hakukufanyi Mkenya

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 14, mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku anayozaliwa baba au mama yake ni Mkenya. Kazaliwa Mombasa au Muscat, haiulizwi. Katiba ya zamani ilimbana mama: akijifungua ng'ambo kwa mume mgeni, mtoto hakupata uraia wake. Hapo tulisonga mbele, sioni wa kubisha.

Ubishi uko kwa mtoto aliyezaliwa Kenya na wazazi wasio raia. Wapo wanaotaka kuzaliwa katika ardhi ya Kenya pekee kutoshe. Wanaokataa nao wana hoja, si chuki tupu. Dadaab, kambi iliyo karibu na mpaka wa Somalia, inapokea wakimbizi tangu 1991, na waliozaliwa kambini sasa wanalea watoto wao. Serikali gani itathubutu kuwaandikisha wote kwa mkupuo, uchaguzi ukinukia?

Lakini damu hurithisha hata mkosi. Watazame Wapemba wa Kilifi na Kwale. Wazee wao walivuka kutoka Pemba, wengine kabla ya uhuru, wakavua, wakaoa, wakazikwa huku huku. Bila kitambulisho mvuvi hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, basi M-Pesa ilikuwa ya jirani: samaki kavua yeye, pesa zinaingia kwa mwingine. Mwanawe alipotimiza miaka 18 alikwamia pale pale alipokwamia baba. Sheria ya uraia ya 2011 iliwapa wasio na nchi, walioishi Kenya tangu 12 Desemba 1963, nafasi ya kujiandikisha, tena kwa muda maalumu. Wamakonde wa Kwale, wenye asili ya Msumbiji na wasio na nchi kama Wapemba, iliwabidi wafunge safari ya miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Wapemba walingoja hadi 2023 kutambuliwa.

Mimi ningeacha uzazi ubaki msingi, ila pawe na mlango mmoja: aliyezaliwa Kenya na hana nchi nyingine inayomtambua awe Mkenya tangu siku hiyo. Katiba tayari inamdhania hivyo mtoto wa kuokotwa anayeonekana hajafika miaka minane, wazazi na uraia wake havijulikani. Yaani aliyetupwa ana nafuu kuliko mwenye wazazi wasio na karatasi! Mlango huo haufunguki kwa Dadaab nzima, maana mtoto wa Msomali ana uraia wa Somalia kupitia baba yake. Kazi itakuwa kuthibitisha kwamba mtoto hana nchi nyingine, na mzigo huo usitupiwe mvuvi. Idara ya Uhamiaji ndiyo inayoweza kuuandikia ubalozi wa nchi inayodhaniwa kuwa yake na kujibiwa.